Jina katika Orodha

Mtambo ulizama kabla ya kuchapa neno.
Gari la maksai lilipinduka kivukoni
na herufi zote, A hadi Z, zikalala topeni.
Siku tatu Alpheus Brandreth, suruali imekunjwa magotini,
alizoa alfabeti kwa chekecheo la mchanga.
Herufi K hazikupatikana. Mpaka leo
ukilishika toleo la kwanza la *Mwangwi wa Bonde*
utaona K ya Kedron ni H iliyochongwa kwa kisu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu aliponiajiri.
"Thirza," alisema, "hapa tunasoma kinyumenyume.
Ukizoea, hakuna atakayeweza kukudanganya."
Mshahara dola moja, wiki ambazo dola ilikuwepo.
Wasomaji walilipa kwa kuni, kwa kabichi,
mmoja kwa nguruwe hai aliyekula nusu ya tahariri.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wetu
ulikuwa na wino.

Kisha nzige.
Mwaka ule walikula mahindi, wakala mpini wa jembe
pale palipokolea jasho,
wakala pazia la kijani la dirisha letu.
Naye akaandika mistari sita tu:
Jimbo litoe mbegu. Reli ishushe nauli ya nafaka.
Mtu hawezi kulipa mara mbili,
kwa mdudu na kwa kampuni.
Vuli ile wakulima wakampeleka Bungeni, Lincoln.

Huko alinunua koti lenye ukosi wa manyoya.
Kila wiki ilikuja bahasha nene: hotuba zake,
safu tatu, safu nne; nikawafukuza gazetini
ng'ombe waliopotea, ili zienee.
Krismasi alirudi kwa garimoshi, bure,
akanionyesha kadi ya kampuni, kingo za dhahabu.
"Wabunge wote wanayo. Ni heshima tu."
Kikulacho ki nguoni mwako:
chake nilikiona, mfuko wa kushoto, upande wa moyo.

Februari, mswada wa nauli ukapigiwa kura.
Telegramu ilileta majina: waliokubali, waliokataa,
na chini kabisa, wasiokuwapo.
Ulianguka kwa kura moja.
Oluf Skovgaard wa stesheni alinipa karatasi
bila kunitazama.

Usiku ule ningeweza kuiacha orodha.
Ningesema nafasi haikutosha;
nafasi haitoshi kila wiki.
Nikapanga B. Nikapanga r.
Sikulikuza, sikulipunguza,
likakaa kati ya Bowdle na Carruthers, saizi ileile.

Alfajiri aliingia na theluji mabegani.
Aliinamia ukurasa wa risasi, akasoma kama alivyonifunza,
na kidole chake kikasimama.
"Nilitoka kunywa maji," alisema.
Sikujibu. Jiko la chuma lilikuwa likilia.
Koleo ilikuwa mezani, karibu na mkono wake;
kung'oa herufi tisa ni kazi ya pumzi moja.
Akavua koti. Akakunja mikono ya shati.
Akachukua rola, akapaka wino mwenyewe.
Nakala mia nne na kumi.

Hawakumchagua tena. Aliishi miaka tisa zaidi
akiandika bei ya shayiri, vifo, mvua,
na ile kadi aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza
iliyokuwa ikicheza.
Watu walimsamehe jinsi wanavyosamehe Kedron,
yaani, waliendelea kuleta kuni.

Tanzia yake niliipanga mimi. Safu moja.
Mchapishaji. Mbunge wa kipindi kimoja.
Nilitafuta neno la tatu mpaka taa ikaisha mafuta.
Kesho yake nikauvunja ukurasa, nikaosha herufi kwa magadi
kabla ya kuzirudisha sandukuni,
na ndani ya B moja, tundu la juu,
ncha ya sindano ikatoa tope la mto.